Rubani, Mama Mkwe na Mbuzi wa Haya

Kapteni Modeste Alonda amerusha helikopta ya jeshi juu ya misitu ambayo ukiitazama kutoka juu unadhani haina mwisho. Ameshuka kwenye vilima vyenye ukungu mzito, na siku moja alirudi kambini na matundu ya risasi mkiani mwa chombo, akashuka, akaomba chai. Hayo yote hayakumtoa jasho. Aliyemtoa jasho, tena jasho la kweli, ni mama mmoja mfupi wa Kiringye, mjane, mwenye kitenge cha kujifunikia na sauti ya kuongoza kwaya. Jina lake Capitoline. Ni mama mkwe wake.

Modeste ni mtoto wa Makobola, pale barabara ya Fizi inapobanwa kati ya mlima na ziwa. Baba yake alivua ndakala, wale dagaa wa ziwani, kwa taa, na alitaka mwanawe avue ndakala. Mama yake alitaka awe mchungaji. Yeye akawa anatazama ng'ambo, ndege zikishuka Bujumbura, akawajibu wote wawili hapana. Alisoma sekondari Uvira akikaa kwa shangazi yake Kalundu, akapata diploma, na siku aliyosema anaingia jeshi la anga, baba yake aliacha kusema naye mpaka msimu wa samaki ukapita. Mama yake yeye alilia, kisha akamfungia ndakala kavu kwenye gazeti, maana mtoto hata akiwa mpumbavu lazima ale.

Jeshi likampeleka kusomea urubani nchi ya baridi, ambako alijifunza lugha ya watu, akajifunza kula kabichi asubuhi, na akajifunza kuomba kwa bidii kuliko alivyowahi kuomba nyumbani. Aliporudi na mabawa ya shaba kifuani, Makobola ilichinja. Baba yake alimshika mkono, akamzungusha nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu kwamba hili la ndege lilikuwa wazo lake yeye tangu mwanzo. Hakuna aliyembishia, nyama ilikuwa bado inaiva.

Sasa huyu Modeste ana desturi zake, na wenzake kambini wamemwita Pasta. Bia hagusi. Kabla ya kuwasha injini huweka kiganja kwenye pua ya helikopta akaomba kwa sauti, akiombea chombo, akiombea walio ndani na walio chini, hata wale wanaotaka kumtungua. Fundi wake, Patient, mtu wa Katogota anayejidai haamini kitu, husimama pembeni na kofia mkononi mpaka amina. Baada ya hapo Modeste humpigia simu mke wake. Anasema, "Naenda." Mke anajibu, "Urudi." Basi, wanakata. Miaka kumi na zaidi ya ndoa, hajawahi kuruka bila neno hilo, na akikosa mtandao hukaa chini akasubiri, kamanda akasirike asikasirike.

Mke huyo ni Eliane, mwalimu wa shule ya msingi hapo Uvira, binti wa Kiringye katika uwanda wa Ruzizi. Walikutana kwenye kwaya. Wajomba wa pande mbili walikaa, mahari ikatolewa, harusi ikafungwa, watu wakacheza mpaka viatu vikakatika. Mama Capitoline siku hiyo hakusema ndiyo wala hapana. Alikaa chumba cha nyuma na kitenge usoni, na kila mtu akaona ni sawa kabisa, maana ndiyo desturi ya buko kwao.

Wasiolijua jambo hili niwaeleze. Kwa watu wa upande wa Eliane, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hawali pamoja, hawakai benchi moja, hawaitani majina. Wakiwa na la kuambiana, mtu wa tatu hulibeba. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Ni heshima, si chuki. Na heshima hiyo ina mwisho wake: mkwe analeta mbuzi wa kuondoa haya, mama anashika kamba mbele ya watu, anageuka, anamwangalia kijana usoni, anamwita jina lake. Toka hapo ni mama na mwana, wanaweza kula sahani moja wakitaka.

Modeste alipeleka mbuzi mwaka wa kwanza. Mama akasema amekonda. Mwaka wa pili akapeleka beberu mnene, wajomba wawili wakamvuta kwa kamba, akawa anawavuta wao. Mama akasema ana macho mabaya. Jamani! Mbuzi gani ana macho mazuri? Lakini ni haki ya mama, hakuna wa kumlazimisha, beberu akarudi Uvira. Baada ya hapo Modeste hakupeleka tena. Mama Capitoline akawa anamkimbia kama kawaida. Siku moja alikuwa amekuja Uvira kuwaona wajukuu, Modeste akarudi nyumbani ghafla kutoka kazini, na mama mzima, rais wa wamama wa kanisa lao, akatokea dirisha la jikoni. Watoto walicheka wiki nzima. Modeste alicheka nao, kisha akaenda kukaa peke yake uani, maana kuna swali lilikuwa linamkera na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Je, huyu mama ananiheshimu au hanitaki? Desturi ile ile moja ilitosha kuficha yote mawili.

Ndipo ukaja mwaka wa mvua ile.

Mito yote inayoshuka kutoka milimani ilifurika pamoja, Ruzizi ikapanda juu ya mashamba, muhogo na mpunga vikazama, barabara ya Bukavu ikakatika vipande. Modeste alikuwa Uvira na helikopta yake kwa kazi ya kupeleka chakula cha askari. Amri ikaja: acheni chakula, kaokoeni watu. Eliane naye akapiga simu, na safari hii hakusubiri aambiwe "Naenda."

"Modeste, mama eko Kiringye. Wako juu ya kile kilima cha kanisa, maji imewazunguka. Simu yake imezimika."

"Nitamuleta."

"Hatapanda," Eliane akasema, na sauti ikamkatika. "Ninamujua mama yangu. Hatapanda na weye."

Modeste alimwambia asiongee hivyo, mtu mbele ya maji hachagui. Alikuwa hamjui mama mkwe wake.

Kutoka juu, kilima cha kanisa kilionekana kidogo mno. Kanisa la matofali, watu wamejibana kulizunguka, mbuzi na kuku kati yao, na kila upande maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakwenda mbio na miti mizima. Udongo ulikuwa laini, hivyo Modeste alishusha magurudumu yaguse tu, injini ikiendelea kubeba uzito, maana ukilegeza chombo kinazama kwenye tope na hakitoki. Patient akaruka chini. Mama Capitoline alikuwa tayari amewapanga watu kwenye mstari: watoto, wajawazito, wagonjwa, wanaume mwisho. Alipiga kelele kumshinda rubani na injini yake. Hakuna aliyesukumana.

Wakapeleka kundi la kwanza uwanja wa majani nje ya Uvira, wakarudi. Wakapeleka la pili, wakarudi. Kila waliporudi kilima kilikuwa kimepungua. Mara ya mwisho walibaki wachache tu, na milimani mawingu yalikuwa yameshuka meusi. Patient akawapandisha wanaume. Kisha akaja mbio mpaka dirishani kwa Modeste, akapiga kelele:

"Kapteni! Mama mukwe yako iko anasema hatapanda!"

"Umwambie maji inakuja!"

Patient akakimbia. Akarudi.

"Anasema maji anaiona! Anasema mule ndani ni kadogo, hawezi kukaa nyumba moja na mukwe!"

"Funga turubai katikati! Asinione!"

Patient akakimbia. Akarudi, tope mpaka magotini.

"Anasema atasikia unakohoa!"

"Sitakohoa!"

"Kapteni, minye ni fundi! Mambo ya buko sikusomea!"

Luteni Thierry, rubani wa pili, kijana wa Kinshasa, aliuliza hawa watu wa huku wana shida gani.  Modeste alikuwa anamwangalia bibi mmoja mzee, Agnès, ambaye naye alikuwa amekataa kupanda, amekaa kwenye ngazi ya kanisa na mbuzi wake wa madoa, akisema kwa ishara kwamba rais wao anapobaki naye anabaki. Maji yalikuwa yameshafika kwenye mawe ya chini ya ngazi. Wamama wawili wangekufa hapa, na mmoja ni mama wa Eliane, na angerudi vipi nyumbani? Angesema nini? Kwamba alimfikia, akamwacha kwa ajili ya adabu?

Akamkabidhi Thierry usukani. "Ushike hivi hivi. Usilegeze." Akavua kofia ya chuma, akashuka.

Mama Capitoline alipoona anakuja alizunguka kona ya kanisa kwa mbio za binti. Modeste hakumfuata. Alisimama upande wake wa kona, akaegemeza mgongo ukutani, na alijua naye ameegemea ukuta uleule upande wa pili. Ukuta ulikata kelele ya injini kidogo. Alifunga macho, akaomba kwa ufupi, neno moja tu, msaada. Kisha akafanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Alisema naye yeye mwenyewe.

"Mama! Munisamehe, sina mutu wa kutuma. Muniambie kitu kimoja. Munaogopa mukwe, ao munaogopa askari?"

 Modeste alisikia maji tu. Alidhani amemkosea vibaya, na alitaka kuomba radhi, ndipo sauti ikatoka nyuma ya kona, si ile ya kupanga watu, ndogo, ya mtu aliyechoka.

"Baba ya Eliane walimupiga risasi akafa barabarani, anatoka kuuza mupunga. Wale waliomupiga walivaa nguo kama yako. Sijui walikuwa wa nani, kila mutu anavaa ile nguo. Minye niliona miguu yao na nguo yao, nyuso sikuangalia. Toka siku ile siangalii askari uso. Nikikamata mbuzi yako, nitalazimika kukuangalia."

Mambo kama hayo husemwa polepole, jikoni, mtu akimenya muhogo. Huyu alilazimika kuyapigia kelele. Modeste aliumia rohoni, aliumia kweli, na wakati huohuo mzigo wa miaka ulimtoka kifuani. Kumbe si mbuzi. Kumbe hata si yeye.

Patient, aliyekuwa amesogea kusikiliza bila haya, akamvuta mkono. "Kapteni, vua koti! Vua basi, apande, twende!"

Modeste alishika kifungo cha kwanza. Akakiacha.

"Hapana," akasema, na akapandisha sauti ipite kona. "Mama, nguo sitavua. Nikiivua leo mupande, kesho nitaivaa tena, na nitakuwa nimewadanganya. Minye ni askari. Na nguo hii ndiyo imekuja kuwatafuta. Wale nyuso zao hamukuziona, minye uso wangu sitauficha. Nitabaki hapa. Kama munakufa, tutakufa wote, na Eliane atatulilia wote mara moja."

Akakaa chini kwenye tope. Patient akashika kichwa. Kule kwenye helikopta Thierry alikuwa anapunga mkono mmoja dirishani, anaonyesha mawingu, anaonyesha saa, anaonyesha mbingu yenyewe.

 Kisha kutoka nyuma ya kona, sauti ya kwaya, kubwa, ya ukali:

"Mbuzi iko wapi?"

"Mama?"

"Ninauliza, mbuzi iko wapi? Unafikiri minye nitapanda bure? Sheria ni sheria!"

Modeste aliruka. Akatazama huku na huku kama mwizi. Mbuzi! Atatoa wapi mbuzi katikati ya bahari ya tope? Na pale kwenye ngazi bibi Agnès, ambaye watu wote walimjua kuwa na masikio mazito, alikuwa amesikia kila neno. Alisimama, akanyoosha kamba.

"Kamata hii. Harakisha, mutoto wangu. Nimechoka kungojea hii buko yenu."

Basi ikafanyika. Pale pale, maji yakilamba ngazi, upepo wa helikopta ukirusha majani na manyoya ya kuku, Kapteni Modeste Alonda alimvuta mbuzi wa madoa mpaka kwenye kona, akanyoosha kamba upande wa pili bila kuchungulia. Mkono ukatoka, ukaipokea. Shahidi akiwa bibi Agnès, shahidi wa pili fundi wa Katogota asiyeamini kitu, analia waziwazi na hajui analilia nini.

Mama Capitoline akatoka nyuma ya kona. Kitenge alikuwa amekishusha mabegani. Aliangalia buti kwanza. Akaangalia suruali, mkanda, koti, yale mabawa ya shaba.  Kisha akainua macho, akamwangalia usoni, akaangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Modeste," akasema.

"Mama."

"Kumbe uko na uso wa mutoto."

Alimshika mkono, mkono wa kushoto akikazia kamba, wakakimbia. Kwenye mlango Patient alijikumbusha kazi yake akasema kwamba sheria za jeshi la anga haziruhusu mifugo. Mama Capitoline akamuuliza kama anataka yeye arudi nyuma ya kona tena. Mbuzi akapanda. Bibi Agnès akapanda. Modeste akarudi kwenye kiti chake, akainua chombo polepole, na chini yao kilima kikazama ikabaki ngazi, ngazi nayo ikazama ukabaki mlango wa kanisa, na hawakutazama tena. Huko nyuma mama alianzisha wimbo. Injini ilikuwa inapiga, mbuzi anapiga kelele, wanaume wa Kiringye wakaitikia, na Thierry wa Kinshasa, asiyejua hata neno moja la wimbo huo, alikuwa anagonga goti kwa kiganja.

Uwanjani Eliane alikuwa amesimama na wamama wote wa safari za kwanza. Aliona mlango unafunguliwa. Aliona mbuzi. Kisha akamwona mama yake amesimama kando ya helikopta, hataki kuondoka, mpaka rubani alipoteremka, ndipo akatia mkono wake kwenye mkono wa rubani, wakaja pamoja mbele ya watu wote, uso wazi. Eliane alipiga yowe, akakaa chini kwenye majani. Wamama wa Kiringye walielewa mara moja, na vigelegele walivyopiga, watu wa barabarani walisimamisha pikipiki kuuliza nani ameoa.

Jioni, nyumbani, Eliane aliandaa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo na ndakala, na kwa mazoea akaweka sahani mbili: ya mume sebuleni, ya mama chumba cha nyuma. Mama Capitoline alitazama ile sahani yake. Akaibeba, akapita mlango, akaenda kukaa mbele ya Modeste, magoti kwa magoti. Watoto wakatoa macho. Modeste, mtu aliyetoka kwenye risasi akaomba chai, hakujua aweke mikono wapi.

"Tuombe," mama akasema.

Mama Capitoline akiomba haombi kwa haraka, chakula hupoa. Alishukuru kwa maji kuwaacha hai. Aliombea Kiringye. Kisha akaanza kuombea watoto wake kwa majina, mkubwa mpaka mdogo, na alikuwa amezaa sita, wawili wamelala kaburini, nao aliwataja. Eliane ndiye kitinda mimba, ndiye huwa wa mwisho. Alimtaja Eliane, na wote wakavuta pumzi waseme amina.

"Na Modeste," mama akasema. "Mutoto wangu askari. Wa saba. Uniwekee huyu, Bwana."

Modeste alishindwa kusema amina. Mama alimsubiri kidogo, akaona haiwezekani, akaisema yeye kwa niaba yake, akamega tonge, akachovya kwenye sombe, akamtia mdomoni.